Kuteremka Mlima kwa Pikipiki: Kasi Isizidi Macho Yako

Tangu mashamba makubwa ya nyanda za juu yalipoanza kukatwa na kupewa wakulima wadogo mwaka wa 1962, skimu nyingi zimekuwa na shida moja: shamba liko juu na soko liko chini. Mkulima wa Kinangop hulima kwenye uwanda ulio karibu mita 2,500 juu ya bahari, na mji wa Naivasha, anakopeleka viazi na kabeji, uko chini yake kwa mita 600 hivi. Mwenzake wa upande wa Iten akitaka kufika Bonde la Kerio hupitia Tambach, na barabara humshusha zaidi ya mita 1,000, kona baada ya kona. Zamani mzigo ulishuka kwa punda au kwa lori la mtu mwingine. Siku hizi mzigo mwingi hushuka kwa pikipiki, hasa tangu mwaka wa 2008, Serikali ilipoondoa kodi ya VAT kwa pikipiki ndogo na watu wengi wakaweza kuzinunua.

Pikipiki ni chombo kizuri kwa mkulima. Haili majani, hupita penye njia nyembamba, na maziwa hufika kwenye mtambo wa kupozea kabla hayajaharibika. Lakini ina magurudumu mawili tu, na mtu akikosea juu yake hakuna bodi ya chuma ya kumkinga. Kwa hiyo inafaa tueleze vizuri namna ya kuiendesha kwenye barabara za milimani. Wapandaji wengi walifundishwa na rafiki katika uwanja wa shule kwa muda wa saa moja, na uwanja wa shule hauna genge.

Ajali ikitokea mlimani, watu husema, "Kona ile ni mbaya." Kona ilikuwa pale jana na juzi, nayo haikusogea. Jambo lililobadilika ni kasi ya mtu aliyeingia. Basi kanuni yenyewe ni hii, na mengine yote katika makala haya yanatoka kwake: usiende kasi kuliko ile itakayokuwezesha kusimama, katika upande wako wa barabara, kabla ya kufika mwisho wa mahali unapoona. Ukiona mita 100 mbele yako na barabara ni kavu, unaweza kwenda kwa kasi kiasi. Ukiona mita 20 tu kwa sababu ukingo wa mlima umeziba njia, basi wewe ni mtu wa mita 20, hata kama pikipiki yako ni mpya na umepita hapo mara elfu.

Kusimama huchukua mwendo gani?

Wengi hudhani kwamba pikipiki ni nyepesi, kwa hiyo husimama mara moja. Hebu tufanye hesabu. Mtu akienda kilomita 40 kwa saa, kila sekunde moja hupita mita 11. Tangu macho yaone ng'ombe barabarani mpaka vidole vibane breki hupita kama sekunde nzima, kwa hiyo amekwisha kwenda mita 11 kabla breki haijaanza kazi. Halafu, kwenye lami kavu, akiwa na breki nzuri na kuzitumia zote mbili sawasawa, atahitaji mita 10 nyingine. Jumla ni mita 21.

Akienda kilomita 60 kwa saa, jumla hufika mita 40. Akienda 80, ni mita 63. Angalieni kwamba kasi imeongezeka mara mbili, kutoka 40 hadi 80, lakini mwendo wa kusimama umekuwa mara tatu. Sehemu ya breki peke yake imekuwa mara nne, kwa maana nguvu iliyo ndani ya chombo kiendacho huongezeka hivyo: kasi mara mbili, nguvu mara nne.

Hiyo ni lami kavu na barabara ya sawasawa. Sasa tuchukue barabara ya murramu iliyonyeshewa, ambako tairi hushika kwa nusu tu ya vile lishikavyo lami. Kwa kilomita 40, mita 21 zinakuwa 32. Tena tuseme barabara hiyo inateremka, ikishuka mita 1 kwa kila mita 10. Mteremko huivuta pikipiki mbele wakati breki inaivuta nyuma, na mita 32 zinakuwa 42. Yaani mpandaji yule yule, kwa kasi ile ile, sasa anahitaji mara mbili ya mwendo aliouzoea kwenye lami ya mjini. Mtu ambaye hakuijua hesabu hii atalaumu breki, fundi, na hata aliyemwuzia pikipiki.

Kona nazo zina hesabu kama hiyo. Nguvu inayokutupa nje ya kona huwa mara nne kasi ikiongezeka mara mbili. Kutoka kilomita 30 kufika 40 huonekana kama nyongeza ndogo, na sauti ya injini haibadiliki sana, lakini nguvu ya kukutupa nje huongezeka kwa zaidi ya robo tatu. Ndiyo sababu kona uliyoipita vizuri jana yaweza kukushinda leo kwa nyongeza ndogo tu ambayo hukuihisi.

Kuisoma kona kabla ya kuingia

Kona ambayo huoni mwisho wake inaweza kusomwa. Tazama mbele mpaka mahali ukingo wa kushoto wa barabara na ukingo wa kulia huonekana kama vinakutana. Hapo ndipo mwisho wa macho yako. Unapokaribia kona, angalia mahali hapo panafanya nini. Pakikaa pale pale huku wewe unazidi kupakaribia, kona inakaza, nawe punguza mwendo mara moja. Pakianza kukukimbia mbele, kona inafunguka, na unaweza kuongeza mafuta kidogo kidogo. Polisi wa pikipiki wa Uingereza hufundishwa njia hii, nayo hufanya kazi Njabini kama inavyofanya kazi kwao. Haihitaji chombo chochote ila macho yasiyotazama gurudumu la mbele.

Kazi yote ya kupunguza mwendo imalizike kabla pikipiki haijalala. Funga breki ungali umenyooka, rudisha gia, kisha ingia konani ukiwa na mafuta kidogo tu ya kuivuta pikipiki taratibu. Tairi lina nguvu ya kushika kwa kiasi fulani tu. Ukiitumia yote kwa breki, hakuna ya kugeukia. Ukiitumia yote kwa kugeuka, hakuna ya breki. Mtu anayebana breki kwa nguvu katikati ya kona anadai vitu viwili kutoka kwenye fedha za kitu kimoja.

Upande wa kukaa barabarani una maana pia. Sisi Kenya huendesha kushoto. Katika kona inayokwenda kushoto, mlima au kichaka huziba macho. Ukisogea kidogo kuelekea kulia kabla ya kuingia, utaona mbali zaidi, lakini usikaribie mstari wa katikati. Lori lenye trela likija kutoka upande wa pili, magurudumu yake ya nyuma hayafuati ya mbele. Hukata ndani ya kona, na ndani ya kona ile ni upande wako. Katika kona inayokwenda kulia, kaa kushoto zaidi. Wengi husahau kwamba pikipiki inapolala kulia, magurudumu yanaweza kuwa ndani ya upande wako huku kichwa na bega vimevuka mstari. Dereva wa matatu anayekuja hataona magurudumu yako. Atakachokutana nacho ni kichwa chako. Lakini usikae kushoto mpaka ukingoni, maana changarawe iliyorushwa na magari hukusanyika pale.

Kuna namna ya kugeuza pikipiki ambayo huwashangaza wengi wakiisikia. Ukitaka kwenda kushoto, sukuma mbele, polepole, mkono wa kushoto wa usukani. Pikipiki italala kushoto na kugeuka kushoto. Ukitaka kulia, sukuma mkono wa kulia. Kila anayeendesha pikipiki kwa mwendo wa haraka hufanya hivyo, ajue asijue. Lakini asiyejua, siku kona ikikaza ghafla, huogopa na kukakamaa, na pikipiki huenda moja kwa moja. Jaribu mahali palipo wazi, kwa kilomita 30, kusukuma kidogo tu, nawe utaona.

Tena, pikipiki huenda mahali macho yanapotazama. Ukilitazama genge, utakwenda gengeni. Ukikitazama kilima cha changarawe katikati ya barabara, utakipanda, hata kama pande zote mbili ziko wazi. Hili si jambo la uchawi. Mikono hufuata macho bila kuulizwa. Basi ukiingia kona kwa mwendo uliozidi, geuza kichwa, tazama mahali unapotaka kutokea, na usukume usukani zaidi. Mara nyingi pikipiki ina uwezo wa kulala zaidi kuliko mpandaji anavyodhani, na watu wengi hutoka barabarani kwa sababu waliacha kugeuka ilhali tairi lilikuwa bado linashika. Ukiona kweli haitawezekana, inyanyue pikipiki isimame wima kwanza ukiwa na nafasi, ndipo ubane breki.

Breki na gia kwenye mteremko

Kuna imani iliyoenea kwamba breki ya mbele huangusha mtu, kwa hiyo isiguswe. Imani hii imewaumiza wengi. Pikipiki inapofungwa breki, uzito wake huinamia mbele, kama abiria wa basi wanavyoinama dereva akisimama ghafla. Gurudumu la mbele hukandamizwa na kushika barabara kwa nguvu. La nyuma huwa jepesi na kuteleza upesi. Anayetumia ya nyuma peke yake ametupa sehemu kubwa ya uwezo wake wa kusimama. Kinachoangusha ni kuinyakua breki ya mbele ghafla, au kuibana wakati usukani umekatwa. Ibane kama unavyokamua ng'ombe: anza taratibu, kisha kaza. Kwenye murramu iliyolegea au matope, ibane kwa wepesi kuliko hapo, na anza mapema.

Sasa tuje kwenye desturi ambayo hatuna budi kuisema waziwazi. Wapandaji wengi, wakifika juu ya mteremko, huitoa gia, na wengine huzima injini kabisa, ili kuokoa petroli. Petroli inayookolewa ni ya shilingi chache, maana injini isiyoongezwa mafuta hutumia kidogo sana hata hivyo. Kinachopotea ni breki ya tatu, nayo ndiyo iliyo bora kuliko zote kwenye mteremko mrefu: injini yenyewe. Ukiwa kwenye gia ya pili na mkono wa mafuta umefungwa, injini huishikilia pikipiki bila kuchoka, kutoka juu hadi chini. Kanuni ya madereva wa zamani ingali nzuri: teremka kwa gia ile ambayo ungehitaji kupandia mlima huo huo.

Breki haziwezi kufanya kazi hiyo peke yake. Breki ya nyuma ya pikipiki nyingi ndogo ni ya viatu vinavyobana ndani ya ngoma ya chuma. Kila ukibana, mwendo hugeuzwa kuwa moto. Ukiukanyaga mguu huo kwa kilomita nne au tano mfululizo, ngoma hupata moto kuliko sufuria jikoni, na viatu vikishapata moto mno haviumi tena. Mpandaji huona pedali inakwenda chini na pikipiki haipungui mwendo, na mara nyingi jambo hilo hutokea karibu na mwisho wa mteremko, ambako kasi ni kubwa kuliko juu. Ukisikia harufu ya kuungua, au breki imekuwa laini, rudisha gia, simama mahali pazuri nje ya barabara, na ungoje ipoe. Usiimwagie maji.

Mzigo wa mkulima

Vitabu vingi vya pikipiki vimeandikiwa mtu anayepanda peke yake kwa matembezi. Mkulima wa skimu hapandi hivyo. Tuseme anapeleka mikebe miwili ya maziwa ya lita 50. Maziwa peke yake yana uzito unaozidi kilo 100, karibu sawa na pikipiki yenyewe. Mzigo huo uko nyuma na juu. Gurudumu la mbele huwa jepesi na halishiki vizuri, usukani hutikisika. Springi za nyuma hukaa chini, kwa hiyo pikipiki inapolala kidogo tu, stendi au mahali pa kuwekea mguu hugusa ardhi. Ile kadiri ya kulala uliyoizoea ukiwa peke yako haipo tena.

Maziwa yana tabia yake zaidi. Mkebe uliojaa mpaka shingoni hutulia. Mkebe ulio nusu una maziwa yanayotembea: ukiingia kona huenda nje, ukibana breki hukimbilia mbele, kisha hurudi wakati wewe umekwisha kuachilia. Mpandaji huhisi kama mtu amemsukuma kutoka nyuma. Kwa hiyo ni afadhali mkebe mmoja uliojaa kuliko miwili iliyo nusu. Ukibaki na mmoja, usiufunge upande mmoja wa pikipiki. Uweke katikati, karibu na mgongo wako, ukiwa chini kadiri iwezekanavyo. Kabeji zilizorundikwa juu kupita kichwa cha mpandaji ni hatari kwa njia hiyo hiyo, na upepo wa Kinangop unazijua. Kamba ya mpira ivutwe mpaka mzigo usitikisike kwa mkono, na ncha yake isining'inie karibu na mnyororo au gurudumu.

Upepo wa tairi pia uangaliwe kabla ya kupakia, tairi zikiwa baridi. Kipimo kimeandikwa katika kijitabu cha pikipiki, na mara nyingi kwenye kibandiko karibu na mnyororo, nacho hutofautisha mtu mmoja na mtu mwenye mzigo. Tairi lililopungukiwa na upepo hukunjamana konani. Mpandaji hudhani barabara ina mafuta.

Na barabara yaweza kuwa na mafuta kweli. Malori yaliyojazwa dizeli mpaka mdomoni huimwaga kwenye kona, hasa upande wa nje. Pua huijua kabla ya macho. Ukisikia harufu ya dizeli, au ukiona rangi za upinde wa mvua juu ya lami iliyolowa, nyanyua pikipiki iwe wima iwezekanavyo na usiguse breki mpaka umepita. Jihadhari hasa na mvua ya kwanza baada ya kiangazi. Vumbi, mpira wa matairi na mafuta ya miezi mingi huinuka pamoja na kuwa kama sabuni, na lami haiwi safi mpaka mvua imenyesha kwa muda.

Ukungu nao hufuata kanuni ile ile tuliyoanza nayo. Asubuhi za Kinale na Kinangop kuna siku ambapo mtu haoni zaidi ya mita 15. Kwa mita 15 kasi iliyo halali kwa akili ni kama kilomita 30, na hiyo ni kwa lami kavu, nayo lami yenye ukungu haiwi kavu. Punguza zaidi ya hapo. Washa taa, ile fupi, maana taa ndefu hurudishwa na ukungu machoni mwako. Maziwa yakichelewa kidogo kwa sababu ya ukungu, mwenye mtambo ataelewa.

Kadiri yako, si ya mwenzako

Pikipiki ina kadiri yake, barabara ina yake, na mpandaji ana yake. Iliyo ndogo kuliko zote ndiyo itawalayo. Ya mpandaji hubadilika kutwa. Saa kumi na mbili asubuhi vidole vimekufa ganzi kwa baridi na haviwezi kubana breki upesi. Glavu za sufu zilizofunikwa na za mpira husaidia kuliko ushujaa. Jioni, baada ya kuchimba viazi kutwa, macho huona lakini mwili hujibu polepole, na ile sekunde moja ya kufikia breki huwa moja na nusu. Kwa kilomita 60 nusu sekunde ni mita 8. Aliyekunywa pombe aiache pikipiki alipo. Hakuna kona ya kumfundisha huyo.

Lakini adui mkubwa wa kadiri ya mtu ni mtu mwingine. Kijana anayeijua barabara hupita mbele, na wewe wamfuata kwa kasi yake, ukitazama taa yake ya nyuma badala ya kuisoma barabara. Taa ile haikuambii kona inakaza kiasi gani. Inakuambia tu kwamba yeye bado hajaanguka. Mwache aende, utamkuta chini. Au matatu hukukaribia nyuma ikipiga honi. Hapo wapandaji wengi huongeza mwendo kwa aibu, na huingia kona inayofuata kwa kasi ya dereva wa matatu, ambaye ana magurudumu manne. Tafuta mahali palipopanuka, toa ishara, sogea kushoto, mwache apite. Umepoteza nusu dakika.

Barabara kuu ya kutoka Limuru kushuka Mai Mahiu yafaa itajwe peke yake. Ilijengwa na wafungwa wa vita wa Kiitalia, na kanisa dogo walilolijenga mwaka wa 1942 bado liko kando yake. Hawakuijenga kwa ajili ya misururu ya malori ya siku hizi. Malori hutambaa kwenye mteremko yakiwa mmoja nyuma ya mwingine, na mwenye pikipiki huona ni rahisi kuyapita yote kwa mfululizo. Yapite moja moja, na pale tu unapoona barabara tupu ya kutosha kwenda na kurudi. Usijipenyeze kati ya lori na ukingo wa kushoto. Dereva aliye juu hawezi kukuona hapo, na barabara ikibana huna pa kwenda.

Anayepanda nyuma

Wasomaji wengi wa gazeti hili hawaendeshi; hupanda boda boda kwenda sokoni au zahanati. Nao wana kazi. Konani, legea na uiname pamoja na mpandaji. Tazama juu ya bega lake la upande mnaokwenda, na mwili utafuata wenyewe. Abiria anayeogopa na kuinama upande wa pili huifanya pikipiki isigeuke, na huyo ndiye aletaye kile anachokiogopa. Mama anayekaa upande mmoja miguu ikiwa pamoja hawezi kuinama wala kushika sawasawa. Ni afadhali apande akipanua miguu, hata kama itambidi afunge leso juu ya suruali.

Abiria ana haki ya kusema, "Punguza mwendo," kabla ya mteremko kuanza na si katikati ya kona. Asiyesikizwa ashuke. Sheria ya Trafiki ya Kenya inataka mpandaji na abiria wote wawili wavae kofia ngumu na jaketi la kung'aa, na abiria awe mmoja. Watoto wawili kati ya mpandaji na mama yao si abiria mmoja, hata wakiwa wadogo.

Jinsi ya kujua kadiri yako

Haya yote ni maneno mpaka mtu ameyapima mwenyewe. Chagua siku isiyo ya soko na kipande cha barabara ya sawasawa karibu na nyumbani, kisicho na magari wala watoto. Chomeka kijiti kando ya barabara. Njoo kwa kilomita 30 kwa saa, na gurudumu la mbele likifika kwenye kijiti, bana breki zote mbili mpaka usimame. Shuka, hesabu hatua toka kijitini. Rudia mara tano au sita, mpaka hatua zipungue na zisiwe zinabadilika kila mara. Kisha kwa kilomita 40. Hatua hizo ni za breki peke yake, kwa sababu kijiti ulikiona toka mbali. Barabarani ongeza hatua 11 kwa kilomita 30, na hatua 15 kwa kilomita 40, kwa ile sekunde ya mshangao.

Siku nyingine funga mkebe uliojaa maji badala ya maziwa, upime tena. Kisha pima baada ya mvua, ukianza na kilomita 20. Andika hesabu zako kwa kalamu ndani ya kifuniko cha boksi la vifaa, kavu upande mmoja na matope upande mwingine, pale utakapoziona kila ukichukua spana.